GIMP: filta ya kunoa haifanyi kitu kabisa, nikigusa namba moja inaharibu uso wa bi harusi

picha_moro

Habarini wakuu, naomba msaada wenu maana nimehangaika na hii kitu toka jana usiku mpaka macho yanauma. Nina kistudio kidogo hapa Morogoro, napiga pasipoti na harusi za wikiendi, na kuhariri natumia GIMP 2.10 kwenye laptopu ya Windows, ni ya bure na kazi zangu zote inazimudu. Sasa kuna filta ya kunoa picha, unaenda Filters halafu Enhance halafu Sharpen, ina namba tatu, Radius, Amount na Threshold. Nilikuwa nafuata video moja ya zamani, jamaa anasema weka Radius 1.5, Amount 0.8, Threshold 10, na kwake picha inakaa vizuri unaiona kabisa.

Mimi nikiandika hizo hizo, kwanza ile 10 haikubali, nikibonyeza Enter inajirudi yenyewe inakuwa 1.000. Nikasema sawa labda ndo mwisho wake. Picha haibadiliki hata kidogo. Nikapandisha Amount mpaka 2, hamna kitu, nikapandisha mpaka 4, hamna kitu, nikaanza kudhani programu imeharibika nikaifuta nikaiweka upya, bado vile vile. Baadaye nikashusha Threshold mpaka 0 nione, ghafla picha ikalipuka, uso wa bi harusi umejaa chengachenga kama mtu kamwagiwa mchanga, suti ya bwana harusi ina mstari mweupe umemzunguka bega zima kama kachorwa na chaki, na lile ua la shela halionekani tena limekuwa jeupe tupu.

Albamu natakiwa kuikabidhi Jumamosi, picha ni za inchi 8 kwa 10. Ni tatizo la laptopu, programu au mimi? Natanguliza shukrani.

kibatari

Mkuu kabla hujaenda mbali angalia kama hakuna sehemu umeichagua ukaisahau, yaani vile vimistari vinavyotembea kama siafu. Kama kuna kieneo kidogo pembeni umekichagua filta inafanya kazi hapo hapo tu, kwingine kote unaona haijagusa. Bonyeza Ctrl+Shift+A kuondoa. Halafu hakikisha leya uliyobonyeza, yaani tabaka la picha, ndo ya picha yenyewe sio leya ya maandishi. Mimi hiyo ya leya ilinipotezea asubuhi nzima siku moja.

picha_moro

Nimefanya yote hayo mkuu, hakuna kilichochaguliwa na leya iko moja tu. Bado.

lenzi_kwanza

Ndugu yangu nikuambie ukweli kwa nia njema, picha ambayo haina fokasi haiponi kwa filta. Watu wengi wanapiga ndani ya ukumbi mwanga hafifu, shata 1/30 ya sekunde kamera ikiwa mkononi, mkono unatikisika, halafu wanategemea kompyuta iwasaidie. Filta ya kunoa haileti kitu ambacho kamera haikukiona. Angalia picha yako kwa ukubwa wake halisi, kama kope zimeungana zimekuwa wingu moja, hiyo achana nayo, tafuta nyingine ya pozi hilo hilo.

picha_moro

Nashukuru kwa ushauri, hilo nalijua na nimeliangalia. Nikizumu mpaka 100 kope nazihesabu moja moja, hina ya mkononi naona hadi pale mchoraji alipokosea akarudia. Fokasi ipo. Picha imetoka kamera ya pikseli 6000 kwa 4000. Ni laini kidogo tu kama faili zote za RAW, yaani zile ghafi za kamera, ndo maana nataka kuinoa.

mama_pikseli

Hapo kwenye ile 10 inayogeuka 1.000 ndo kwenye jibu lako, na laptopu yako haina shida yoyote usiifute tena programu.

Hiyo video umesema ni ya zamani. Bila shaka ni ya GIMP 2.8, ile ya mwaka 2012. Kwenye 2.8 Threshold ilikuwa inapimwa kuanzia 0 mpaka 255, kwa hiyo jamaa akisema 10 anamaanisha kidogo sana, kumi katika mia mbili hamsini na tano. Ilipokuja 2.10 mwaka 2018 filta nyingi ziliandikwa upya kwa ndani, na kipimo hicho kikabadilika, sasa kinaanza 0 kinaishia 1. Wewe ukiandika 10 programu inaona umepita mwisho inakurudisha kwenye 1, yaani kiwango cha juu kabisa. Na Threshold kazi yake ni kama mlinzi wa getini, inasema tofauti yoyote ya mwanga iliyo ndogo kuliko mimi isiguswe. Ukiiweka 1 umemwambia mlinzi asipitishe mtu, karibu hakuna kitu kitakachonolewa, hata upandishe Amount mpaka kesho.

Sasa la pili, wewe ulipandisha Amount mpaka 4 wakati geti limefungwa. Ulipolifungua ghafla ikaingia 4 nzima. Video ilikuwa na 0.8, wewe una mara tano yake! Ndo ule mchanga usoni. Kwa hiyo ni makosa mawili, moja lilikuwa linalificha jingine.

Rudisha zote mwanzo, 2.10 ukiifungua inakuja na Radius 3, Amount 0.5, Threshold 0. Radius ishushe. Ile 10 ya zamani ukiigawa kwa 255 unapata kama 0.04, ila usiichukue kama ilivyo, hesabu za ndani hazifanani sawasawa, anzia 0.01 halafu panda pole pole ukiangalia shavu. Chengachenga za shavuni zikilala na kope bado zimesimama, simama hapo hapo. Na weka tiki kwenye Split view, upande mmoja utaona kabla upande mwingine baada, macho yanachoka haraka sana kwenye kazi hii na usipokuwa na cha kulinganisha unazidi kupandisha tu.

mwambao_254

Dada hapo umesema yote. Mimi niko Mombasa natumia 3.0 ile imetoka Machi 2025, na hiyo Threshold bado ni ya 0 mpaka 1 hata huku. Lakini kitu nimependa sana, ukiweka filta haikwami kwa picha, inakaa kwa leya kama kitu ya pembeni, unaona alama ya fx kwa ile orodha ya leya. Ukiamka asubuhi uone umenoa kupita kiasi unabonyeza hapo unarudi kushusha namba, ama unaizima kabisa, picha ya chini haijaguswa. Chunga tu usiweke tiki kwa Merge filter, ukiweka inaungana na picha moja kwa moja kama zamani.

picha_moro

Jamani!! Nimeweka Radius 1.2, Amount 0.7, Threshold 0.015 na uso umekaa, umekaa vizuri kabisa. Yaani siku nzima nilikuwa nasukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Dada mama_pikseli Mungu akubariki.

Ila bado nina swali moja. Suti na shela. Mstari mweupe umepungua ila upo, begani kwenye lile pazia jekundu la ukumbi, na shela pale kwenye ua la kushonwa bado panaelekea kuwa peupe tupu. Nikishusha Amount mstari unaondoka lakini na macho yanarudi kuwa laini. Nifanyeje?

fundi_wa_filamu

Nimesoma toka juu, vijana mnasaidiana vizuri. Mimi kazi yangu ilikuwa uchapaji, kutenganisha rangi kwa filamu, kabla kompyuta hazijaingia. Nitakueleza kinachotokea humo ndani maana ukikijua hutahitaji namba za mtu.

Hili jambo ni la chumba cha giza, limeanza miaka ya 1930 huko. Unachukua negativu, unaipigia kopi kwenye filamu nyingine itoke pozitivu, ila katikati yake unaweka plastiki nyembamba angavu ili kopi isigusane na negativu, itoke na ukungu. Hiyo kopi yenye ukungu ndo maski yenyewe, na ndo maana filta mpaka leo mabanoni inaitwa Unsharp Mask, maski isiyo na makali. Watu wanashangaa kitu cha kunoa kimeitwaje kisicho na makali, ni hiyo kopi inayosemwa. Unazilaza pamoja, negativu na maski, unapitisha mwanga. Kwenye maeneo makubwa yaliyo tulivu, kama shavu au ukuta, zinapunguzana. Kwenye ukingo wa kitu haziwezi kupunguzana sawa kwa sababu moja ina makali na nyingine imetawanyika, kwa hiyo ukingo unabaki na nguvu. Ukichapa kwenye karatasi ngumu, yaani inayokuza tofauti ya mwanga na giza, ukingo unasimama.

Kompyuta inafanya hivyo hivyo. Inatengeneza kopi yenye ukungu, inatazama tofauti yake na picha yako, ile tofauti inaizidisha kwa Amount inairudisha kwenye picha. Radius ni upana wa ukungu, yaani unene wa ile plastiki yangu. Sasa tuchukue bega la bwana harusi. Tuseme suti ina mwanga 40 na pazia nyuma lina 150. Ukinoa, pembeni ya ukingo suti inashuka kuwa 25 na pazia linapanda kuwa 165. Jicho likiwa mbali linaona ukingo mkali, likikaribia linaona mstari. Hilo si kosa la filta, ndo kazi yake, sisi tunachofanya ni kuufanya mstari uwe mwembamba kiasi kwamba kwenye karatasi hauonekani. Kwa hiyo mwanangu mstari ukiwa mpana gusa Radius kwanza, Amount baadaye. Watu wengi wanaanza na Amount.

Na shela ni hivyo hivyo. Uzi mweupe uko 245, ukiuongezea 15 unapita 255 na hakuna kitu juu ya 255, kila uzi unagonga dari. Nyuzi zote zikigonga dari ua linakufa. Shela usiinoe, au inoe upande wa giza tu.

picha_moro

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye plastiki nimeelewa kitu ambacho video kumi hazikunielewesha. Ila "upande wa giza tu" naufanyaje kwenye GIMP?

mama_pikseli

Marahaba namwachia mzee, mimi nijibu hili la mwisho maana nalitumia kila wiki kwenye picha za shela.

Piga kopi ya leya ya picha mara mbili ziwe tatu jumla. Ya chini kabisa usiiguse. Hizi mbili za juu zinoe zote kwa namba sawa, unaweza hata kuwa na nguvu zaidi kidogo kuliko ulivyoweka, tuseme Amount 1. Halafu leya ya katikati badilisha Mode yake, yaani namna inavyochanganyika na ya chini, iwe Darken only, na Opacity, yaani kiasi leya inavyoonekana, iache 100. Ya juu kabisa iwe Lighten only, Opacity ishushe 30 au 40. Maana yake ni kwamba upande wa ukingo unaotiwa giza unaingia wote, upande unaotiwa mwanga unaingia theluthi tu. Jicho la binadamu linavumilia sana mstari wa giza pembeni ya kitu, mstari mweupe haulivumilii hata kidogo, linauona hapo hapo. Shela yako itabaki na maua na bega litatulia. Ukitaka shela isipate mwanga kabisa, ile ya juu ishushe mpaka 0.

Kama ukiona rangirangi za ajabu pembeni ya hina au kwenye midomo, yaani vichembe vya zambarau na kijani, hapo umenoa na rangi pamoja na mwanga. Dawa yake unachukua kopi iliyonolewa unaweka Mode ya LCh Lightness, inachukua mwanga tu rangi inaacha za chini. Ila hiyo huwezi kuichanganya na Darken only kwenye leya moja, chagua tatizo lipi linakusumbua zaidi.

Na ngozi, tafadhali, ngozi za watu wetu zikiwa upande wa kivuli zinabeba chengachenga nyingi kuliko upande wa mwanga, na ukizinoa mtu anaonekana mgonjwa. Mimi sinoi uso mzima. Naweka maski nyeusi kwenye leya iliyonolewa, hii si ile ya mzee, ni kifuniko kinachoificha leya mpaka upake nyeupe, nachukua brashi nyeupe yenye kingo laini napaka macho, nyusi, midomo, vito, hina, na nakshi za kofia kama bwana harusi kavaa kofia ya kushona kwa mkono. Vile vitobo vya kofia vikisimama mteja anakukumbuka. Shavu naliacha kama Mungu alivyoliumba.

kibatari

Na swali dogo kutoka kwangu, mnanoa kabla au baada ya kupunguza picha?

mama_pikseli

Baada, siku zote baada. Hii nilitaka kumuuliza picha_moro pia. Mkuu umesema faili ni 6000 kwa 4000 na albamu ni inchi 8 kwa 10. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi hiyo ni pikseli 2400 kwa 3000. Ukinoa kwenye faili kubwa kwa Radius 1.2 halafu ukapunguza, ile kingo uliyoihangaikia inayeyuka na wewe unasema filta haikufanya kazi. Kata kwanza, punguza kwa Scale Image, ndo unoe. Kwa kuchapa mimi naenda Radius 1 mpaka 1.5, karatasi inakunywa wino na kulainisha kidogo kwa hiyo kwenye skrini iache izidi kidogo tu. Kwa picha ya kutuma kwenye simu yenye upana wa pikseli kama 1200 naweka 0.4 au 0.5 sivuki hapo. Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ni pikseli 413 kwa 531 tu, hiyo ndogo mno, Radius 3 inayokuja na programu hapo inaufanya uso uonekane kama sanamu.

Na unapoangalia bonyeza namba 1 kwenye kibodi picha ije asilimia 100 kamili. Kwenye 33 au 67 skrini inakudanganya.

lenzi_kwanza

Niongeze hapo kwenye simu. Kuna wateja wanakutumia picha waliyoipokea WhatsApp wanataka uikuze uinoe. Hiyo tayari imebanwa, na JPEG inabana kwa vimraba vya pikseli 8 kwa 8, ukinoa unainua vile vimraba, anga linakuwa kama sakafu ya vigae. Mwambie mwenye picha aitume kama dokumenti sio kama picha, faili inafika nzima kama ilivyotoka. Mimi siku hizi nisipopata faili ya asili kazi ya kukuza siichukui, na wateja wameelewa.

picha_moro

Naleta mrejesho. Jana nimekata zote kwa 2400 kwa 3000, nikafanya leya tatu kama dada alivyosema, Radius 1.2, Amount 1, Threshold 0.015, Darken only 100, Lighten only 30, na kwenye uso nikaweka maski nikapaka macho na hina tu. Nimechapa moja ya majaribio nikaipeleka nje juani nikaiangalia. Ua la shela unalihesabu petali, bega limetulia, na kwenye jicho la bi harusi kuna kitu sikukiona hata kwenye skrini, taa ya ukumbi imeonekana ndani ya mboni na umbo lake. Mama yake alipita studio kuchukua pasipoti yake akaiona mezani akakaa chini. Zilizobaki ni 46, naendelea usiku huu.

Mzee fundi_wa_filamu, Radius nimeigusa kwanza kabla ya Amount kama ulivyosema.

fundi_wa_filamu

Vizuri mwanangu. Ukimaliza hizo 46 pumzisha macho nusu saa kabla ya kutuma faili kuchapwa, halafu zipitie tena. Asubuhi ni bora zaidi kuliko usiku.

nuru_tabora

Samahanini kudandia, mimi kwangu hiyo Sharpen imefifia kabisa kwenye menyu, haibonyezeki. Nina picha ya babu, mtu kaiskani akaituma, ni PNG. GIMP 2.10 pia.

mama_pikseli

Angalia juu ya dirisha kwenye jina la faili, utaona imeandikwa indexed. Hiyo picha ilihifadhiwa kwa rangi chache zenye namba, mwisho 256, na filta nyingi haziwezi kuigusa ikiwa hivyo. Nenda Image, Mode, chagua RGB. Na muulize aliyeiskani kama anaweza kuiskani upya kwa rangi kamili, maana kwenye uso wa mzee rangi 256 zinaacha madoa na ukinoa yatatokeza.

nuru_tabora

Ni kweli imeandikwa indexed. Nimebadilisha imekubali. Na madoa nayaona shavuni kama ulivyosema, picha yenyewe ya karatasi iko kwa shangazi, nitaifuata Jumapili niiskani mwenyewe.